Chikungunya si Kiswahili, ni la Newala

Neno la Kiingereza geyser, yaani chemchemi inayorusha maji moto hewani, lilitoka Iceland, kwenye jina la chemchemi moja tu: Geysir. Mtwara nayo ina neno lililosafiri vilevile. Ni chikungunya.

Mwaka 1952 homa ngeni ililipuka Newala, juu ya uwanda wa Makonde, pale ambapo ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma lote. Wagonjwa waliumwa viungo hadi wakashindwa kunyooka. Marion Robinson na W.H.R. Lumsden walichapisha ripoti zao mwaka 1955 na, badala ya kubuni jina, wakachukua lile walilolikuta kwa wenyeji. Linatokana na kitenzi cha Kimakonde kungunyala: kujikunja, kupinda. (Maji ni ya shida kule juu, hivyo watu waliyaweka akiba majumbani. Mbu wa Aedes aegypti huzaliana humohumo.)

Sasa fungua kurasa za afya mtandaoni. Nyingi zitakuambia eti ni Kiswahili. Si kweli, na wewe mwenyewe unaweza kuhakiki hapo ulipo. Kiswahili hugeuza ki- kuwa ch- mbele ya irabu: chakula, chombo. Mbele ya konsonanti ki- hubaki: kisu, kitanda. Lingekuwa letu tungesema "kikungunya". Hiyo chi- ni ya Wamakonde, ambao lugha yao wenyewe huiita Chimakonde. Mwaka 2008 jarida la East African Journal of Public Health lilichapisha makala ya kusahihisha kosa hili, lakini watu bado wananakili tu. Mimi sioni kama ni jambo dogo. Lugha yenye wasemaji wachache imeipa sayansi ya dunia neno, halafu sifa anapewa jirani mkubwa!

Tena Kiswahili kilikuwa na jina lake. Zanzibar, mwaka 1870, daktari James Christie alikuta homa ya viungo ikiitwa kidinga pepo, na wapo wanaoamini dengue limetokana na hilo. Leo kidingapopo ni dengue kwetu pia. Ila mwaka 1971 Donald Carey aliyapitia maelezo ya zamani akaona ugonjwa ule unafanana zaidi na chikungunya. Yaani huenda jina letu lilihamia kwenye ugonjwa mwingine, na ule wa kwanza ukabaki bila jina mpaka Newala walipoupa lao.

Lamu waliugua mwaka 2004, Réunion 2005 na 2006 (zaidi ya theluthi ya wakazi), Karibea kuanzia 2013. Kote huko walitamka chi-.