Sensa za zamani za Ayalandi: zipi zinasomeka kwenye simu, na zipi hazipo tena

Karani wa sensa akishaaga na kuondoka, swali linalobaki nyumbani huwa ni lile lile: majina yetu yanakwenda wapi, na nani atayasoma? Katika makala haya tunaangalia Ayalandi, nchi ambayo karatasi za sensa za zaidi ya miaka 100 iliyopita zinasomwa bure na mtu yeyote mwenye intaneti. Ni nchi hiyo hiyo ambayo karatasi nyingine nyingi zaidi ziliteketea au kuharibiwa, na leo watu wanazililia.

Sababu ya kuzililia ni historia ya nchi yenyewe. Sensa ya 1841 ilihesabu watu 8,175,124 katika kisiwa chote. Miaka minne baadaye ugonjwa uliozesha viazi, chakula kikuu cha maskini, na njaa ikaingia. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine wengi wakapanda meli kwenda Marekani, Kanada, Uingereza na Australia. Kufikia 1911 kisiwa kilikuwa na watu milioni 4.4 hivi. Ndiyo maana leo kuna mamilioni ya watu ng'ambo wanaojua tu kwamba babu wa babu yao alitoka Ayalandi, pengine na jina la kaunti, basi.

Sensa mbili ndizo zilizobaki zikiwa kamili kutoka enzi za utawala wa Uingereza: ya usiku wa 31 Machi 1901 na ya usiku wa 2 Aprili 1911. Makarani walikuwa askari polisi. Waliacha fomu kila nyumba, mkuu wa kaya akaijaza kwa mkono wake, kisha askari akairudia. Asiyejua kuandika alijaziwa, naye akatia alama ya msalaba mahali pa sahihi. Kwa hiyo anayefungua picha ya fomu hiyo leo mara nyingi anauona mwandiko wa babu yake mwenyewe.

Fomu inataja jina, uhusiano na mkuu wa kaya, dini, kama mtu anajua kusoma na kuandika, umri, kazi, ndoa, kaunti aliyozaliwa, na kama anazungumza Kiayalandi. Kulikuwa na fomu nyingine za majengo, ambazo wasikilizaji wetu wakulima na wafugaji watazielewa upesi: ukuta ni wa nini, paa ni la nyasi au la nini, madirisha ya mbele ni mangapi, na nje kuna zizi la ng'ombe, banda la nguruwe au ghala. Ukisoma hizo unapata picha ya mji ulivyokuwa.

Sensa ya 1911 iliongeza swali zito. Mwanamke aliyeolewa aliulizwa ameishi katika ndoa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi walio hai, na wangapi bado wanaishi. Unakuta mama ameandikiwa 11, kisha pembeni 6. Hao watano wengine huenda hakuna hata mmoja katika ukoo aliyewahi kuwataja.

Na zile za kabla ya 1901? Sensa ya watu ilifanyika kila miaka kumi tangu 1821. Karatasi za 1861 na 1871 ziliharibiwa na serikali yenyewe baada ya hesabu kukamilika. Za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, karatasi ilipoadimika. Jumla zilikuwa zimeshachapishwa vitabuni, kwa hiyo ofisini ilionekana majina hayana kazi tena. Za 1821, 1831, 1841 na 1851 zilikuwa zimehifadhiwa Dublin, katika jengo la nyaraka lililokuwa ndani ya eneo la mahakama la Four Courts. Tarehe 30 Juni 1922, mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo hilo lililipuka na kuungua pamoja na nyaraka za karne nyingi. Vilivyopona ni vipande, kama sehemu za kaunti ya Cavan za mwaka 1821.

Lakini kuna mabaki mengine yaliyookolewa na wazee, bila wao kukusudia. Januari 1909 serikali ilianza kulipa pensheni ya uzeeni, hadi shilingi tano kwa wiki, kwa maskini waliotimiza miaka 70. Tatizo ni kwamba Ayalandi haikuandikisha vizazi vyote hadi 1864. Mzee wa miaka 70 angetoa wapi cheti? Wengine walijieleza kama wazee wetu wanavyotaja mwaka wa njaa au wa nzige: walisema wanakumbuka usiku wa upepo mkubwa, yaani dhoruba ya Januari 1839 iliyoezua nyumba nchi nzima. Wengine waliomba ofisi ya nyaraka iwatafute katika sensa ya 1841 au ya 1851. Mwombaji alitaja majina ya wazazi wake na kitongoji alikokulia, na karani akaandika alichokikuta. Sensa zenyewe ziliungua, lakini fomu nyingi za maombi hayo zimebaki, na zinasomeka kwenye mtandao wa Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Ayalandi.

Pensheni hiyo hiyo ndiyo inayoeleza jambo linalowashangaza wengi: mtu aliyekuwa na miaka 55 mwaka 1901 anaonekana na miaka 68 au 70 mwaka 1911. Tusiwaite waongo haraka. Wengi hawakujua umri wao, na sasa umri ulikuwa na malipo.

Hata kufunguliwa kwa sensa hizo kwa umma kulitokana na mambo ya umri. Karatasi za 1901 na 1911 ziliruhusiwa kusomwa tangu 1961, kabla ya kutimiza miaka 100, kwa sababu maombi ya uthibitisho wa umri kwa ajili ya pensheni yalikuwa hayakomi. Leo sheria ya takwimu ya 1993 inataka karatasi za sensa zifungwe miaka 100. Sensa ya 1921 haikufanyika kwa sababu ya vita vya uhuru. Iliyofuata ilikuwa ya 18 Aprili 1926, kwa hiyo miaka 100 yake inatimia 18 Aprili 2026. Ya 1936 itasubiri hadi 2036. Kumbuka kwamba sensa ya 1926 ya Dublin inahusu kaunti 26 tu zilizopata uhuru. Karatasi za Ayalandi ya Kaskazini za mwaka huo zimepotea. Kwa kaunti hizo sita, tumia za 1901 na 1911, ambazo zilihusu kisiwa kizima.

Anayetafuta kwa simu, au anayemsaidia rafiki mwenye asili ya huko, aingie kwenye tovuti ya Hifadhi hiyo ya Taifa. Hakuna kulipa wala kujiandikisha. Aanze na maandishi yaliyonakiliwa, maana ni mepesi, kisha afungue picha ya fomu moja tu aliyo na hakika nayo, kwa sababu picha zinakula bando. Jina la ukoo lijaribiwe lenye O au Mac mwanzoni na lisilo nayo, kwani familia moja iliandikwa hivi leo na vile kesho. Likikataa, aache jina, atafute kitongoji na kusoma nyumba moja baada ya nyingine. Polisi walio kambini na wagonjwa wa hospitali za akili wameandikwa kwa herufi za kwanza tu za majina, hivyo hao hawatapatikana kwa jina kamili.

Kwa miaka ya kabla ya 1901, watafiti hutumia daftari za wakulima waliotozwa zaka ya kanisa, na orodha za Griffith za wapangaji wa ardhi na nyumba, zilizochapishwa kati ya 1847 na 1864. Zote mbili zinamtaja mwenye shamba au mpangaji peke yake. Mke na watoto hawamo.