Kipaumbele cha kazi za ratiba (Unix)

Kipaumbele cha kazi za ratiba ni kiwango kinachoamua kazi iliyopangiwa saa, mfano kuhifadhi nakala za mafaili usiku kupitia programu ya ratiba iitwayo cron, ipate muda gani wa prosesa inapogombania na kazi nyingine. Katika Linux kiwango huanzia -20 hadi 19. Namba ikiwa kubwa, mchakato huwapisha wenzake zaidi, mpangilio wa kinyume unaowachanganya wengi. Kwa kawaida kazi za cron huanza na 0, hivyo msimamizi asipotanguliza amri ya nice, inayoweka kiwango hicho, nakala za usiku hushindana sawa kwa sawa na seva ya tovuti. Amri hiyo bila namba huongeza 10; renice hubadilisha mchakato ambao tayari unakwenda. Mtumiaji wa kawaida huruhusiwa kushusha kipaumbele chake, si kukipandisha. Kwenye kiini kimoja cha prosesa, mchakato wa 19 ukishindana na wa 0 hupata takriban asilimia 1.5 tu ya muda; ukiwa peke yake, huchukua muda wote. Diski ni habari nyingine: mara nyingi kinachoikwamisha mashine ni kusoma na kuandika, na kwa hilo Linux ina ionice. Amri ya batch, kwa upande wake, haitazami saa kabisa, bali husubiri mzigo wa mfumo upungue.