Askari wa Hifadhi Mpakani Bunagana

Doria haikuchukua sura moja katika Afrika ya Mashariki. Nchini Kenya, kikosi cha polisi cha kuzuia wizi wa mifugo, chenye makao yake Gilgil, hutumia farasi. Bunagana, mji mdogo wa wilaya ya Rutshuru unaopakana na Uganda, mnyama huyo hafai kitu: miteremko ya volkeno za Mikeno na Sabinyo imejaa mianzi, na njia hufunguliwa kwa panga. Huko askari wa hifadhi amekuwa mtu wa miguu tangu mwanzo.

Mwanzo huo ni tarehe 21 Aprili 1925, Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alipounda hifadhi iliyopewa jina lake, iwalinde hasa gorila wa milimani. Mwaka 1929 eneo lake liliongezwa. Wenyeji wa usultani wa Bwisha walijikuta wamezuiwa kulima, kuwinda na kukata kuni katika ardhi waliyoizoea. Askari, basi, aliajiriwa amlinde mnyama. Lakini mtu aliyemkamata porini mara nyingi alikuwa jirani yake. Hapo ndipo ulipo mzizi wa ugumu wa kazi hiyo.

Mwaka 1969 hifadhi ilipewa jina la Virunga, na mwaka 1979 UNESCO iliiandika miongoni mwa urithi wa dunia. Katika miaka ya 1980 wageni walipelekwa kuwaona gorila wa Jomba, karibu na Bunagana, na msitu ukaanza kuleta fedha. Vita vilikatiza faida hiyo. Waasi wa M23 waliuteka mji Julai 2012, na tena tarehe 13 Juni 2022. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, askari 12 wa hifadhi waliuawa kwa siku moja. Kwa jumla, waliouawa kazini hifadhini humo wamepita 200.

Hata hivyo, sensa ya 2015 na 2016 ilihesabu gorila 604 katika safu yote ya Virunga, idadi iliyozidi ile ya sensa zilizotangulia. Ushindi huo ni wa kweli. Ila swali la ardhi lililozaliwa mwaka 1925 halikujibiwa kwa doria, na anayeendelea kulipia ukimya huo ni askari pamoja na mkulima anayekutana naye msituni.