Baharia «William Brown» wa mwaka 1815: utambulisho wa mwanamke kazini baharini na mashaka ya nyaraka

1. Swali

Katika historia ya kazi za baharini, mwanamke huandikwa kwa nadra, na mara nyingi huandikwa siku ile ile anapokatazwa kuendelea na kazi. Aliyetumika kwa mavazi ya kiume bila kugunduliwa hakuacha alama ya uanamke wake daftarini. Aliyegunduliwa aliacha mstari mmoja wa karani, kisha hadithi ndefu iliyotungwa na wengine. Kwa hiyo mtafiti anayetaka kujua wanawake hao walikuwa nani hana budi kuuliza kwanza: nani aliandika, lini, na kwa haja gani? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa mfano wa mtu mweusi aliyejulikana kwa jina la William Brown katika jeshi la wanamaji la Uingereza. Sisi Waafrika tuna sababu ya kumpenda, lakini mapenzi si ushahidi.

2. Habari ya gazetini

Mwezi wa Septemba 1815, vita dhidi ya Napoléon vikiwa vimekwisha, magazeti ya Uingereza yalieleza kwamba miongoni mwa mabaharia wa manowari Queen Charlotte, walioachishwa kazi na kulipwa, alikuwamo mwanamke Mwafrika. Ilisemwa kuwa ametumika kwa zaidi ya miaka kumi na mmoja, na kwamba alifikia cheo cha mkuu wa kikosi cha mabaharia wanaoshughulikia matanga ya juu ya mlingoti wa mbele. Kazi hiyo hudai nguvu, wepesi na ushujaa. Umri wake ulikadiriwa kuwa miaka 26. Aliingia baharini, walisema, baada ya kugombana na mumewe, na mume huyo sasa alizitaka fedha za nyara alizostahili mkewe.

Habari hii ilinakiliwa kutoka chapisho hadi chapisho, na vitabu kadhaa vya karne ya 20 viliipokea kuwa kweli: mwanamke wa kwanza mweusi katika jeshi la wanamaji la Uingereza, tena mwenye cheo.

3. Habari ya daftarini

Manowari za Uingereza zilikuwa na daftari la watu waliomo, ambalo leo limehifadhiwa Kew, karibu na London. Daftari hilo halikuandikwa kwa ajili ya kusifu wala kuburudisha. Liliandikwa ili serikali ijue nani alishwe, nani alipwe, na nani akatwe fedha za nguo na tumbako. Humo jina la William Brown limo, lakini kwa habari tofauti: umri miaka 21, mahali pa kuzaliwa, kisiwa cha Grenada, siku ya kuingia, tarehe 23 Mei 1815, cheo, mtu wa nchi kavu, yaani asiye na ujuzi wa bahari, siku ya kuondolewa, tarehe 19 Juni 1815, sababu, kwamba ni mwanamke.

Tulinganishe. Gazeti lasema miaka kumi na mmoja; daftari lasema muda usiotimia mwezi. Gazeti lasema mkuu wa kikosi. Daftari lasema mgeni wa kazi. Kama angekuwa na miaka 21 na utumishi wa miaka kumi na mmoja, angeanza kazi akiwa na miaka kumi, naye tayari ni mke wa mtu aliyegombana naye! Zaidi ya hayo, katika merikebu ile ile alikuwamo William Brown mwingine, mwanamume mzaliwa wa Edinburgh, baharia mzoefu. Jina hilo ni la kawaida mno kwa Waingereza. Baadhi ya waandishi waliokuta «William Brown» katika madaftari ya baadaye walidhani kwamba mwanamke yule alirudi kazini, kumbe walikuwa wakiufuata mwendo wa mtu mwingine.

4. Je, tumepoteza nini?

Huenda mwanafunzi akalalamika: mbona historia ya watu weusi inanyang'anywa shujaa? Lalamiko hilo lina uzito, kwa kuwa wengi waliofutwa katika historia walifutwa kwa kisingizio cha kukosa nyaraka. Hata hivyo yafaa kukumbuka kuwa shujaa huyo tulipewa na gazeti, na gazeti hilo lilimtazama kama kioja: lilipima kimo chake, likausifu uso wake kwa kiasi linachodhani mtu mweusi anastahili. Kumtetea mtu si lazima kuitetea picha iliyochorwa na wachekeshaji wake.

Baada ya uchunguzi yanabaki mambo machache, lakini ni yake kweli. Alizaliwa Grenada, koloni ambako utumwa haukufutwa hadi mwaka 1834. Alipanda merikebu mwezi wa Mei 1815, wakati Napoléon amerudi Paris na jeshi la wanamaji lilipohitaji watu upya. Aliondolewa siku moja baada ya vita vya Waterloo. Kati ya tarehe hizo mbili kijana mwanamke alijitwalia nafasi ambayo sheria haikumpa. Jina alilozaliwa nalo halimo katika daftari. Lililomo ni lile la kazini.

5. Mfano wa kinyume

Isidhaniwe kwamba nyaraka hupunguza sifa daima. Jeanne Baret, mzaliwa wa Burgundy, Ufaransa, alisafiri kuanzia mwaka 1767 katika merikebu Étoile, katika msafara wa Bougainville, akiwa amevaa kiume, msaidizi wa mtaalamu wa mimea Philibert Commerson. Katika kitabu cha mwaka 1771, Bougainville aliandika maungamo ya mwanamke huyo: kwamba alikuwa yatima, na kwamba alimdanganya bwana wake alipojitoa kwake bandarini Rochefort. Lakini wasia wa Commerson wa mwezi wa Desemba 1766 unamtaja kwa jina, kuwa mtunza nyumba wake, na kumrithisha fedha na samani. Walifahamiana, basi, kabla ya safari. Kwa kuwa sheria ya mfalme ilikataza wanawake katika merikebu zake, maungamo yale yalikuwa ngao ya kumkinga Commerson. Mwaka 1785 serikali ya Ufaransa ilimpa Baret pensheni ya livre 200 kwa mwaka. Hapa nyaraka zimemkuza mtu ambaye simulizi lilimfanya kuwa mtumishi mdanganyifu tu.

6. Hitimisho

Kwa sisi tunaoandika kwa Kiswahili kuna funzo la ziada. Kiingereza na Kifaransa humlazimisha mwandishi kuchagua kiwakilishi cha kiume au cha kike. Kiswahili husema «alipanda, alilipwa, aliondolewa» bila kubagua. Neno «baharia» nalo halina jinsia. Hata hivyo, tusomapo «baharia» twamwona mwanamume, na sarufi haina hatia katika hilo: mazoea ndiyo yanayomficha mwanamke.

Mwanafunzi wa Lubumbashi afunguaye madaftari ya makampuni ya zamani, yenye namba za wafanyakazi, yamfaa achukue tahadhari ile ile. Asiliamini daftari kwa kuwa ni la serikali au la kampuni, wala simulizi kwa kuwa linapendeza. Aviweke viwili hivyo uso kwa uso, ahesabu miaka, atenganishe majina yanayofanana. Mwanamke wa Grenada alikaa melini chini ya mwezi mmoja. Mwezi huo tuuandike kama ulivyo, tusimwongezee miaka ya mtu wa Edinburgh.