Handeli na Stata

Ukisimama Membley asubuhi, msomaji, utasikia mvumo wa barabara kuu ya Thika, na katika maelfu ya motokaa zipitazo pale huenda hakuna hata moja iliyoamshwa kwa zaidi ya kidole. Zamani haikuwa hivyo. Motokaa iliamshwa kwa nguvu za mkono, na mara nyingine mkono huo ulivunjika.

Injini ya petroli haiwezi kujianzisha. Sharti kwanza izungushwe na nguvu itokayo nje yake, ivute hewa na petroli na kuzikandamiza, ndipo cheche ipate kitu cha kuwasha. Nguvu hiyo ilitoka katika handeli, chuma kilichopindwa na kutiwa mbele ya motokaa. Cheche ikiwahi kabla ya wakati wake, injini hurudi nyuma ghafula, na handeli hupiga kama teke la punda. Kwa sababu hiyo dereva alifundishwa kuivuta handeli kwenda juu, asiisukume chini, na kuweka kidole gumba upande mmoja na wenziwe, ili ikiruka iponyoke bila kuondoka na kidole.

Aliyewaondolea watu adha hiyo ni Charles Kettering wa Marekani. Kabla yake wengi walidhani kwamba mota ya umeme ya kuzungusha injini ingekuwa kubwa mno, isiyobebeka. Lakini Kettering alikwisha kutia mota ndogo katika mashine za madukani za kuhesabia fedha, na alijua siri moja: mota ifanyayo kazi kwa sekunde chache tu huweza kubebeshwa mzigo ambao, kama ungedumu, ungeiunguza. Wazo hilo dogo, kwa maoni yangu, lina thamani kuliko chuma chote kilicholifuata. Stata yake ilitiwa katika Cadillac za mwaka 1912. Ford Model T, gari la watu wengi, ilingoja hadi 1919.

Katika nchi zetu handeli haikufa upesi. Land Rover za zamani zilikuwa na stata, lakini zilibakiziwa tundu la handeli. Peugeot 404 kadhalika. Aliyekwama porini na betri iliyokufa alijua maana ya tundu hilo. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari katika 1963, 1966, 1967 na 1968, na katika mwaka wa kwanza na wa mwisho wa hiyo ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Baadaye nyingi zilibeba abiria kama matatu. Mjini Thika, karibu na Membley, kilijengwa katika miaka ya 1970 kiwanda cha kuunganisha magari, na Land Rover zilitoka humo.

Basi ukikuta mzee mmoja wa namna hiyo amekataa kuamka, usikimbilie kununua stata mpya. Washa taa kubwa, kisha zungusha ufunguo huku ukizitazama. Zikizimika, umeme ni haba: betri imechoka, au vichwa vyake vimefunikwa na ukungu mweupe wa kutu. Zikibaki ziking'aa na kukawa kimya, umeme haufiki kwenye stata. Fuata swichi na waya zake. Ukisikia mlio mmoja mkavu tu, mota imeitwa isiitike, na mara nyingi brashi zake za kaboni zimelika. Usisahau waya mnene uunganishao injini na bodi, kwa maana umeme huenda na kurudi, na njia ya kurudi ndiyo isahauliwayo na mafundi. Volkswagen za zamani zenye betri ya volti 6 huteswa zaidi na jambo hili: volti zikiwa nusu, umeme upitao katika waya huwa maradufu kwa kazi ile ile, na kutu kidogo huwa kizuizi kikubwa.

Huenda pia gia ndogo ya stata imeng'ang'ania meno ya gurudumu la injini. Hapo zima swichi, tia gia ya juu, achia breki, ulisukume gari mbele na nyuma kwa mikono mpaka usikie meno yakiachana.