Koo la inchi 4

Katika majira ya baridi ya karne ya 18, tajiri wa London na maskini wa London walisumbuliwa na kitu kimoja: moshi ndani ya nyumba. Meko yalijengwa ukutani, mapana na yenye kina, kwa umbo lililorithiwa kutoka enzi ambapo watu walichoma magogo. Kuni zilipoadimika, jiji likageukia makaa ya mawe yaliyoletwa kwa meli kutoka Newcastle. Moto ukawa mdogo, tundu la meko likabaki kubwa vilevile. Aliyeketi mbele yake aliungua magoti huku mgongo ukiganda, na upepo ulipogeuka moshi ulirudi sebuleni, ukaingia kwenye mapazia, kwenye vitabu na vifuani mwa watu.

Waashi waliitwa, wakalipwa, na moshi ukaendelea. Walirefusha dohani, wakaivisha vyungu vya udongo na vifuniko vya bati, wakashauri dirisha liachwe wazi hata theluji inapoanguka. Kila dawa iliongeza kitu juu ya paa. Wachache walifikiria kuinama na kutazama chini, pale moshi unapoanzia safari yake.

Mmoja wa hao wachache alikuwa Benjamin Franklin wa Philadelphia. Mwaka 1744 alichapisha kijitabu kuhusu meko ya chuma aliyoyabuni ili nyumba za Pennsylvania zipate joto zaidi kwa kuni chache. Gavana wa jimbo alitaka kumpa haki ya pekee ya kuyauza, naye akakataa. Miaka arobaini baadaye, mwaka 1785, akiwa mzee ndani ya meli inayomrudisha nyumbani kutoka Ufaransa, alimwandikia tabibu Jan Ingenhousz barua ndefu kuhusu dohani zinazorudisha moshi. Alitaja sababu tisa. Nyumba mpya iliyozibwa kila upenyo haina hewa ya kulisha moto. Dohani fupi haivuti. Nyumba iliyo chini ya kilima au ubavuni mwa jengo refu hupigwa na upepo kutoka juu. Moto wa vyumba viwili hugombania hewa, na wenye nguvu huuvuta moshi wa mwenzake uteremke chumbani.

Franklin alitoa na kipimo ambacho mwenye nyumba yeyote angeweza kukitumia bila kumwita fundi. Washa moto, funga mlango, kisha uufungue kidogo kidogo mpaka moshi uache kuingia chumbani. Upana wa ule mwanya ndio kiasi cha hewa kinachokosekana. Ni kipimo cha mtu aliyekaa na tatizo akalisikiliza, na hadi leo hakijapitwa na wakati.

Aliyekwenda mbali zaidi alikuwa Mmarekani mwingine, mwenye maisha yasiyonyooka hata kidogo. Benjamin Thompson alizaliwa Woburn, Massachusetts, mwaka 1753. Alioa mjane tajiri akiwa kijana wa miaka 19. Vita vya uhuru vilipozuka akawa upande wa mfalme, akawapelekea Waingereza habari za siri, kisha akakimbia na kumwacha mke na mtoto mchanga wa kike. Hilo haliwezi kupambwa. Lakini mtu huyohuyo, alipoingia katika utumishi wa mtawala wa Bavaria, alianzisha mjini Munich nyumba ya kazi kwa ajili ya ombaomba, na ilimbidi awapikie mamia ya watu kwa mafuta machache. Hapo ndipo alipoanza kuchunguza moto kwa dhati: joto linakwenda wapi, na kiasi gani kinapotea bure. Alipotunukiwa cheo cha kimwinyi alichagua jina la Rumford, jina la zamani la mji wa Concord huko New Hampshire alikooa.

Rumford alifika London mwaka 1795, na mwaka uliofuata alitoa insha yake kuhusu meko na dohani. Hoja yake ilikuwa fupi. Hewa ya moto ni nyepesi, hupanda yenyewe. Koo la dohani, yaani mwanya wa chini moshi unapoingilia, likiwa pana, hewa baridi ya chumbani hukimbilia humo pamoja na moshi, huupoza, na moshi uliopoa hulegea na kuanguka. Yeyote aliyepikia kuni katika jiko lisilo na pa kutolea moshi amewahi kuuona ukitanda hivyo, ukining'inia usawa wa macho. Kwa hiyo Rumford hakugusa paa. Alipunguza meko.

Kazi yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ilikuwa kazi ya mwashi wa kawaida. Fundi alitoa wavu wa makaa, akafagia jivu, akachora kwa chaki mstari sakafuni kutoka ukingo mmoja wa meko hadi mwingine. Kisha aliingiza mkono ndani na kushusha timazi kutoka pale ambapo ukuta wa mbele wa dohani unaanza kupanda. Uzito wa timazi ulipotulia sakafuni, alitia alama. Kutoka kwenye alama hiyo alipima inchi 4 kwenda nyuma, yaani sentimita 10 hivi, na hapo ndipo aliposimamisha ukuta mpya wa nyuma. Upana wa ukuta huo ulikuwa karibu theluthi moja ya upana wa mdomo wa meko. Kuta mbili za kando hazikusimama wima kama za sanduku. Zilifunguka kuja mbele kwa pembe ya digrii 135, zikapakwa chokaa nyeupe ili zirushe joto chumbani badala ya kulimeza. Ukingo wa ndani wa ukuta wa mbele, uliokuwa na pembe kali, ulilainishwa kwa lipu ukawa mviringo, moshi upite bila kujikwaa.

Ndivyo hivyo tu. Matofali machache, chokaa, mwiko, timazi. Rumford aliandika kwamba dohani zisizopungua 500 zilipita mikononi mwake, nyingi zikidhaniwa hazina tiba, na isipokuwa moja tu, zote zilipona kwa kurekebishwa umbo la meko na koo. Kama Franklin, hakutaka haki ya pekee ya ubunifu huo. Alieleza vipimo vyote hadharani, akawafundisha waashi wa London, na kazi ikawa yao. Nyumba ya Lord Palmerston katika Hanover Square ilitengenezwa mapema, na ya mwanasayansi Sir Joseph Banks pia. Mwaka 1800 mchoraji wa katuni James Gillray alimchora Rumford mwenyewe akiota moto kwa nyuma, mikia ya koti ameipandisha. Katika riwaya ya Jane Austen iliyotoka mwishoni mwa 1817, Northanger Abbey, msichana anayetarajia kukuta meko makubwa ya kale katika nyumba iliyokuwa ya watawa anakuta meko yamepunguzwa kwa mtindo wa Rumford. Msomaji wa wakati huo hakuhitaji kuelezwa jina hilo ni la nani.

Kuna kipande kimoja cha ubunifu huu ambacho hakipaswi kupitwa haraka. Juu ya ukuta mpya wa nyuma Rumford aliagiza iachwe nafasi ya upana wa inchi 11 au 12, izibwe kwa kigae au jiwe lisilotiwa chokaa, ili liondolewe siku ya kufagia dohani na kurudishwa baadaye. Nafasi hiyo ilikuwa ya mtoto. Makaa ya mawe huacha masizi mazito, na waliopanda kuyakwangua walikuwa wavulana, wengi wao yatima au watoto wa maskini waliokabidhiwa kwa mabwana wa kazi. Mwaka 1775 daktari wa upasuaji Percivall Pott alikuwa ameshaonyesha kwamba masizi yaliwaletea saratani ya mfuko wa korodani walipokua. Sheria ya 1788 ilikataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 8, na ikapuuzwa. Brashi ndefu za kuunganishwa zilikuwepo tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 19, lakini wenye nyumba waliendelea kuamini kwamba mtoto husafisha vizuri zaidi. Mwaka 1875 mvulana George Brewster alikwama katika dohani ya hospitali moja karibu na Cambridge, akafa. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria iliyoweza hatimaye kulikomesha jambo hilo. Karne nzima ilipita kati ya onyo la Pott na sheria yenye meno. Sebule zilizopendeza kwa kukosa moshi zilisafishiwa dohani na watoto, na historia ya meko haiwezi kuandikwa bila wao.

Rumford aliona pia jambo lingine. Wingu jeusi lililotanda juu ya London, aliandika, lilikuwa makaa ambayo hayakuungua: mali ya watu ikipeperuka hewani, kisha ikiwarudia vichwani mwao. Umbo lake la meko liliokoa mafuta, lakini jiji lilikua haraka kuliko akiba hiyo. Familia zilizoongezeka ziliwasha mioto mingine mamia ya maelfu, kila mmoja ukivuta vizuri, kila mmoja ukitoa moshi wake nje.

Mwezi Desemba 1952 hewa baridi ilitulia juu ya London kwa siku tano na moshi ukakosa pa kwenda. Watu 4,000 hivi walihesabiwa kufa, na makadirio ya baadaye yakapandisha idadi hiyo mara kadhaa. Mchango mkubwa ulitoka kwenye meko ya majumbani, si kwenye viwanda peke yake. Sheria ya Hewa Safi ya 1956 ikazipa halmashauri uwezo wa kutangaza maeneo yasiyoruhusiwa moshi, na mwenye nyumba aliyebadilisha meko yake alirudishiwa sehemu saba kati ya kumi za gharama. Waashi wakarudi katika sebule za London, safari hii wengi wao kwa kazi ya kuyaziba meko kabisa.