Mizani 17 zilizoizunguka dunia

Mkazi wa Kawe anaijua Japani kwa barabara na kwa magari. Kipande cha barabara ya Bagamoyo kutoka Mwenge hadi Tegeta, kinachopita mbele ya kambi ya Lugalo, kilipanuliwa kwa msaada wa serikali ya Japani. Magari yanayojipanga humo kila asubuhi, mengi yalitembea kwanza Tokyo na Nagoya kabla ya kushushwa bandarini kwetu. Washairi wa nchi hiyo hawatajwi vijiweni, na hilo ni hasara, maana ukitafuta duniani watu wanaofanana na malenga wetu katika jambo la msingi kabisa la utunzi, utawakuta huko. Nao wanahesabu mizani.

Tuanze na hesabu yenyewe. Haiku ina vipande vitatu: mizani 5, mizani 7, mizani 5, jumla 17. Tanka, ambayo ni kongwe zaidi, huongeza vipande viwili vya 7 na kufikisha 31. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, nane kwa nane, kina cha kati kikiangukia ya nane na cha mwisho ya kumi na sita. Kwa hiyo haiku nzima ya Mjapani inazidi mshororo mmoja wa mtunzi wa Kawe kwa mizani moja tu. Ubeti wetu wa mishororo minne una mizani 64. Humo haiku tatu zinaingia na nafasi inabaki. Vina wao hawana. Irabu zao ni tano kama zetu, na silabi zao nyingi huishia kwa irabu kama zetu, lakini wao waliiacha hesabu peke yake ibebe shairi, sisi tukaifunga kwa vina.

Lakini ufupi peke yake hauelezi kwa nini mashairi hayo yanasomwa leo Mexico na Sweden. Kabla ya kusafiri, yalikusanywa. Mwaka 755 ofisa aliyeitwa Otomo no Yakamochi alikuwa na kazi ya kusimamia usafirishaji wa walinzi wa mpaka: wakulima wa mikoa ya mashariki waliopelekwa mbali, kisiwa cha Kyushu, kulinda pwani. Akaagiza mashairi yao yaletwe kwake. Aliyoyaona dhaifu aliyaacha, yaliyobaki akayaandika pamoja na majina ya watunzi na mahali walikotoka. Hebu fikiria ofisa wa Lugalo akiwaambia makuruta wote kwamba kila mmoja, kabla ya kupanda lori, aache shairi lake mezani. Mashairi ya wale walinzi, yenye kilio cha kuacha mama na mke nyumbani, yamo katika Man'yoshu, mkusanyiko wa mashairi zaidi ya 4,500 uliokamilika karne hiyohiyo ya nane. Mwaka 905 ikulu yenyewe ikaagiza diwani rasmi, Kokinshu. Hadi kufikia mwaka 1439 diwani za namna hiyo, zilizokusanywa kwa amri ya wafalme, zilikuwa 21. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito wa historia yote hii. Mkulima asiye na cheo alisikika miaka 1,200 baadaye kwa sababu mtu fulani aliona maneno yake yanafaa kuwekwa.

Haiku ilizaliwa baadaye, na ilizaliwa katika jambo tunalolijua vizuri: kujibizana. Washairi wa Japani walikaa pamoja wakitunga mnyororo, mmoja akifungua, wa pili akijibu, wa tatu akiendeleza, hadi beti 36 au 100. Ubeti wa kufungua ulikuwa na mizani 17 na heshima yake ya pekee, na kwa kawaida alipewa mgeni au mkubwa wa baraza. Matsuo Basho, aliyefariki mwaka 1694, alikuwa fundi wa minyororo hiyo. Ile safari yake maarufu ya mwaka 1689, aliyotembea kuelekea kaskazini ya nchi, ilikuwa pia safari ya kukaa na wenyeji na kutunga pamoja nao kituo baada ya kituo. Polepole ubeti wa kufungua ukaanza kusimama wenyewe.

Kwetu mnyororo haukukatika. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeaga dunia mwaka 1840, alirushiana maneno na washairi wa Lamu wakati miji yao iko vitani. Ujiji ikatoa watu wawili wa kalamu, Kaluta Amri Abedi, baadaye Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, na Saadani Kandoro, mmoja wa waasisi wa TANU. Wa kwanza alituandikia sheria za utunzi katika kitabu cha mwaka 1954, wa pili aliingiza majibizano katika diwani yake ya mwaka 1972. Mathias Mnyampala naye akayapeleka mabishano jukwaani, akatupa ngonjera. Shairi la Kiswahili mara nyingi halikamiliki hadi lijibiwe.

Uwanja mkuu wa kujibizana huko, kwa miaka mia moja sasa, umekuwa gazeti. Mambo Leo lilianza Dar es Salaam Januari 1923 chini ya serikali ya kikoloni, na kurasa zake zilijaa mashairi ya walimu, makarani na wakulima. Humo ndimo Shaaban Robert naye alimopitia. Mtindo haujabadilika sana. Mtunzi anaandika beti zake, wa mwisho anaufunga kwa kaditama, anaweka jina lake la utani la ushairi, sanduku la posta, kisha mtaa na mji: Kawe, Dar es Salaam. Wiki zinazofuata anajibiwa na mtu wa Tandahimba au Kahama ambaye hatamwona maisha yake yote.

Japani nayo ilipita njia hiyo. Masaoka Shiki, aliyezaliwa mwaka 1867, ndiye aliyeupa ule ubeti wa kufungua jina la haiku na kuutangaza kuwa shairi kamili, na silaha yake ilikuwa safu katika gazeti lililoitwa Nippon. Kifua kikuu kilikuwa kimemla uti wa mgongo. Aliandika akiwa amelala kitandani, akisoma mashairi ya wasomaji, akichagua, akikosoa, na makala zake zilichapwa hadi siku mbili kabla ya kufariki Septemba 1902 akiwa na miaka 34. Hadi leo magazeti makubwa ya Japani yana ukurasa wa haiku za wasomaji zinazochaguliwa na washairi wanaoheshimika. Kilichochaguliwa huwekwa vitabuni.

Baada ya hapo dunia ilifungua mlango. Ezra Pound alichapisha shairi lake la kituo cha treni mwaka 1913, mistari miwili tu iliyojifunza kwa Wajapani. José Juan Tablada akaileta haiku katika Kihispania mwaka 1919, na Octavio Paz akashiriki kutafsiri safari ya Basho mwaka 1957. Richard Wright, mwandishi Mmarekani mweusi, alitunga haiku zipatazo 4,000 katika miezi yake ya mwisho Paris. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyefia kwenye ajali ya ndege karibu na Ndola mwaka 1961, aliacha haiku katika daftari lake.

Na Muyaka? Tungo zake zilinusurika kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa alizikumbuka na kuzikusanya, akampa mmisionari W. E. Taylor, karatasi zikaishia London, na diwani ikachapwa Johannesburg mwaka 1940, karne nzima baada ya mwenyewe kuzikwa. Mzee mmoja mwenye kumbukumbu nzuri, basi. J. W. T. Allen alizunguka pwani akitafuta miswada ya tenzi, na alichokipata kipo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, safari fupi kutoka Kawe. Lakini hizo ni tenzi za kale. Shairi la gazeti la mwaka 1975 halina Sikujua wake. Nimeona kurasa hizo zikifungia karanga na maandazi, vina vikiwa vimeloa mafuta, na inaniuma, kwa kuwa ninaamini humo kuna tungo ambazo Yakamochi asingeziacha.

Wajapani wenyewe wanatusoma. Kiswahili kinafundishwa Osaka hadi shahada, na Said Ahmed Mohamed, mshairi wetu wa Zanzibar, aliwahi kufundisha huko. Mtafsiri yupo, au anaweza kupatikana. Kinachokosekana ni kitabu cha kumkabidhi. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, BAKITA na wahariri wa magazeti wachukue hata mwaka mmoja tu wa kurasa za zamani, wakae watu watatu wanaoijua mizani, wasome kila shairi, waache yaliyo dhaifu, na kila lililobaki waliandike pamoja na jina la mtunzi, mtaa wake na mji wake, na jibu alilopewa.